Ramadhani Hii, Kaa na Sura Moja

Shaabani inapoelekea ukingoni, katika nyumba nyingi za Waislamu wa pwani msahafu hushushwa kutoka juu ya kabati. Hufunuliwa kitambaa chake, hupanguswa vumbi, hubusiwa, na anayeufungua hukuta utepe wa alama uko palepale alipouacha Ramadhani iliyopita. Wangu niliwahi kuukuta kwenye juzuu ya kumi na moja. Nakumbuka vizuri kwa sababu mwaka ule nilinuia kukhitimu. Nilianza kwa kasi, juzuu nzima kila siku, hadi kumi la kwanza likamalizika. Kisha kazi zikanizidi, nikaruka siku moja. Kesho yake nikawa nadaiwa juzuu mbili, keshokutwa tatu, na deni lile likanivunja moyo hata nikaufunga msahafu kabisa. Miezi kumi na moja ukakaa juu ya kabati.

Naamini si mimi peke yangu niliyepitia hayo. Wapo wanaoishia njiani, na wapo wanaofika mwisho, wakakhitimu hata mara mbili, lakini ukiwauliza usiku wa Idi ni aya gani iliyowagusa, hawana la kujibu, kwa kuwa macho yalikuwa yakihesabu kurasa. Makala haya nawaandikia wote wawili. Sitamwambia mtu aache khitma. Ninachoomba ni hiki: pembeni ya khitma yako, au badala yake ikiwa huiwezi, chagua sura moja fupi, kaa nayo mwezi mzima, na iingilie kwa lugha hii hii unayoongea sokoni na jikoni. Mswahili ana mlango wake wa kuingia katika Qur'ani, na wengi wetu tunaupita kila siku bila kuusukuma.

Kwanza khitma yenyewe. Msahafu uliozoeleka siku hizi, ule wa chapa ya Madina, una kurasa 604. Juzuu ni 30, kila moja kurasa 20 hivi. Ndiyo maana masheikh hutuambia tusome kurasa nne baada ya kila sala ya faradhi, na mwezi ukiisha msahafu nao umeisha. Hesabu hiyo ni nzuri kwa aliye nyumbani au jirani na msikiti. Kwa aliye kazini adhuhuri, na magharibi ikamkuta kwenye daladala na tende mbili mkononi, haishikiki. Huyo ni bora agawe siku yake kwa mafungu mawili: kurasa kumi baada ya sala ya alfajiri kabla hajatoka, kurasa kumi baada ya tarawehe. Sisi wa karibu na ikweta tumepewa neema ambayo hatuishukuru vya kutosha. Mchana wetu wa kufunga ni wa saa 13 hivi mwaka wowote, na usiku wetu hubaki na saa 11. Ndugu zetu walioko London, Ramadhani ikiangukia mwezi wa Juni, hufunga saa 18 na zaidi, na usiku wao ni wa kufumba na kufumbua. Mwenye saa 11 za usiku hawezi kusema hana wakati. Ana wakati, ila umekwenda kwenye televisheni na vibarazani.

Na ukiruka siku, usilipe deni. Hili nalisema kwa mkazo kwa sababu ndilo lililoniangusha. Kurasa ulizokosa jana ziache, endelea pale ulipo kwa kiasi kilekile cha kila siku. Ukifika Idi umebakiza juzuu tano, zimalizie katika mfunguo mosi. Hakuna aliyesema msahafu ufungwe mwezi unapoandama. Bwana Mtume, rehema na amani zimshukie, alipoulizwa na Abdallah bin Amri juu ya kukhitimu, alianza kwa kumwambia asome kwa mwezi mmoja, na ni yule kijana mwenyewe aliyesisitiza apunguziwe siku hadi zikafika saba. Katika mapokezi mengine ametuonya kwamba anayekhitimu chini ya siku tatu hapati kufahamu anachosoma. Kwa hiyo kufahamu kulikuwa ndani ya hesabu tangu mwanzo.

Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kwamba Jibrili alikuwa akimjia Mtume kila usiku wa Ramadhani wakisoma Qur'ani pamoja, na mwaka aliofariki walipitia mara mbili. Kitenzi cha Kiarabu kilichotumika pale ndicho asili ya maneno yetu darsa na kudurusu. Mwanafunzi akikwambia anadurusu, unajua hapitishi macho tu. Anarudia, anajiuliza, anasahihishwa. Basi hiyo ndiyo kazi ya Ramadhani tuliyoachiwa.

Sasa sura. Mimi nilianza na Al-Asr, ya 103, yenye aya tatu. Nilikuwa naijua tangu chuoni, naisoma kwa pumzi moja. Siku moja nilikwenda kumsalimia maalim wangu wa utotoni, mzee fundi cherehani anayeshonea barazani kwake, akaniomba nimsomee sura yoyote huku akipinda kanzu. Nikamsomea hiyo kwa kuwa ni fupi. Akasimamisha cherehani.

"Khusri ni nini, mwanangu?"

"Ni hasara, Maalim."

"Na wewe hasara unaijua?"

Nikamwambia naijua, nina duka.

"Basi isome tena kama mtu mwenye duka."

Niliisoma tena, na kusema kweli ilikuwa kama sijawahi kuisoma. Tazama nawe maneno yake. Inaanza kwa kiapo cha asr, neno lililotupa alasiri. Wafasiri wengine wamesema ni zama, wengine wakasema ni huo wakati wa alasiri wenyewe, mchana ukiwa umekwisha kukatika. Kisha inamtaja mwanadamu, yule insani au insi wa tungo zetu, kuwa yumo katika khusri, yaani hasara. Kisha inawatoa watu wa namna moja tu: walioamini, ambalo ni neno letu imani, wakatenda amali, na amali zenyewe ziwe swalihat, za mzizi uleule uliotupa suluhu, maslahi na jina la Swalehe. Wakausiana, na kuusia twakujua, ndiko kulikotupa wasia. Wakausiana nini? Haki. Na subira. Hesabu mwenyewe: alasiri, insani, hasara, imani, amali, suluhu, wasia, haki, subira. Katika sura ya aya tatu, hayo ni maneno tisa ambayo mama yako alikufundisha kabla hujakijua Kiarabu.

Fakhruddin Razi, mfasiri mkubwa aliyefariki mwaka 1210, ameeleza katika tafsiri yake habari ya mtu wa kale aliyesema kwamba maana ya sura hii aliifahamu kwa muuza barafu, aliyekuwa akinadi sokoni akiomba ahurumiwe, kwani rasilimali yake inayeyuka. Nami kila Ramadhani nikipita mtaani alasiri, nikiona watoto wamekaa na madumu yao ya barafu za mifuko wakisubiri wanunuzi wa kabla ya futari, najikuta naikumbuka. Mfuko unatoa jasho, maji yanachuruzika mezani. Saa kumi na mbili ikipita barafu ile haina mteja. Siku yangu nayo iko vilevile, nimeuza nini hadi saa hizi?

Imam Shafi'i, ambaye madhehebu yake ndiyo tunayofuata wengi wetu pwani, imepokewa kutoka kwake kwamba lau watu wangeizingatia sura hii peke yake ingewatosha. Na imepokewa pia kwamba masahaba wawili wakikutana hawakuwa wakiachana hadi mmoja amsomee mwenziwe Al-Asr. Hilo laweza kufanywa na mke na mume wakati wa daku. Dakika moja inatosha.

Fanya hivi. Siku tatu za mwanzo isome sura uliyoichagua kwa sauti, taratibu, hata ulimi uizoee. Kisha chukua daftari, andika kila neno la Kiarabu unalohisi unalifahamu, na mbele yake neno la Kiswahili linalofanana nalo. Ndipo ufungue tarjuma uone umepatia wapi na umekosea wapi. Mpangilio huu ni muhimu. Ukianza na tarjuma utasoma kama gazeti, utapita. Ukianza na daftari lako, utaifungua tarjuma ukiwa na maswali.

Na maswali lazima yawepo, maana maneno husafiri yakabadilika. Hapa pana hatari ninayotaka kuisimamia kidogo. Fitina kwetu ni maneno ya kuchonganisha watu. Ndiyo maana majirani wakigombana hukosi mtu wa kuitaja aya ya Al-Baqara inayoipa fitina uzito kuliko kuua, akimaanisha umbeya wa jirani yake. Umbeya ni dhambi, na una aya zake katika sura ya Al-Hujurat. Lakini fitina ya aya ile wafasiri wameieleza kuwa ni ukafiri na kuwatesa watu ili waiache dini yao, na ilihusu yaliyowapata Waislamu wa Makka. Hata neno dini ndani ya Al-Fatiha, katika aya inayomtaja Mwenyezi Mungu kuwa ndiye Mwenye kuimiliki siku ya dini, maana yake ni malipo. Tumelisoma mara kumi na saba kila siku katika sala za faradhi, wangapi tumeliwazia hivyo? Na saa, ambayo kwetu ni kile kilicho mkononi, katika Qur'ani mara nyingi ni Kiyama. Kwa hiyo neno la Kiswahili lichukue kama mwenyeji anayekufungulia mlango. Ukishaingia, mwache mwanachuoni akuoneshe nyumba.

Wanachuoni hao tunao kwa Kiswahili. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa 1891 akafariki 1947 akiwa Kadhi Mkuu wa Kenya, alianza kuandika tafsiri kwa Kiswahili, na sehemu yake ilichapwa baada yake. Sheikh Abdulla Saleh Farsy wa Unguja aliikamilisha Qurani Takatifu, iliyochapwa Nairobi mwaka 1969, na mpaka leo ndiyo inayokutwa katika nyumba nyingi. Uzuri wake ni maelezo aliyoyaweka chini ya aya, yanayokupa sababu ya kushuka aya na kumjibu msomaji kabla hajauliza. Sheikh Ali Muhsin Barwani naye alituletea yake mwaka 1995, akiifuata tafsiri ya Misri iitwayo Al-Muntakhab. Ukiweza, kuwa na hizi mbili za mwisho na uzilinganishe aya kwa aya kwenye sura yako. Pale wanapotofautiana neno, hapo ndipo pa kumpelekea sheikh wako swali baada ya darsa ya alasiri. Masheikh hufurahi kuulizwa. Wanachochoka nacho ni kuulizwa kila mwaka kama dawa ya meno inafunguza.

Sura nyingine ninayoipendekeza sana kwa mwezi huu ni Al-Maun, ya 107, yenye aya saba. Yatima yumo, masikini yumo, na sala imo, lakini sala ya mwenye kughafilika nayo na kujionesha. Mwisho wake inawataja wanaozuia maun. Ibn Masud na wengine wamelieleza neno hilo kuwa ni vyombo vidogo ambavyo watu huazimana: ndoo, chungu, shoka. Hebu ipeleke nyumbani kwako. Saa kumi alasiri, muhogo umeshamenywa, na mtoto wa jirani anabisha hodi: "Shikamoo, mama anaomba mbuzi ya kukunia nazi." Unayo, iko chini ya meza, na wewe umeshamaliza kukuna. Lakini jana waliazima kinu wakakirudisha hakijaoshwa, na mdomo unataka kusema mbuzi yetu imevunjika. Sura yote ya Al-Maun iko pale mlangoni na yule mtoto. Nilipoifahamu hivyo, niliona haya kwa mara ngapi nimeisoma tarawehe nikiwa nawaza futari.

Tarawehe nazo zitumie. Misikiti mingine husoma juzuu moja kila usiku, mingine husoma sura fupi za mwisho. Popote unaposali, muulize imamu atasoma wapi, kisha kati ya futari na isha pitia maana ya japo ukurasa mmoja. Utashangaa unaposimama safuni, aya ile uliyoisoma saa moja iliyopita inapokuja masikioni mwako. Miguu inasahau kuchoka. Na ukisali kwenye sura fupi, usidharau, ndizo hizo hizo Al-Asr na Al-Maun. Kuna usiku Mtume, kwa mapokezi ya Abu Dharri, alisimama hadi alfajiri akiirudia aya moja tu, ile ya mwisho mwisho wa Al-Maida ambamo Nabii Isa anawakabidhi watu wake kwa Mola wao, akiwaadhibu ni waja Wake, akiwasamehe ni Yeye mwenye nguvu na hekima.

Neno kwa akina mama na dada zetu. Mwezi huu mnaufanyia kazi kuliko yeyote: kaimati, tambi, uji, magimbi ya nazi, na daku tena usiku. Mtu aliyesimama jikoni tangu saa tisa asiambiwe akae na msahafu alasiri. Aweke kisomo kwenye simu au redio pembeni ya jiko, sura ileile moja aliyoichagua, irudiwe mpaka aisikie hata inapozimwa. Kusikiliza ni ibada. Bwana Mtume mwenyewe alimwomba Ibn Masud amsomee, akisema anapenda kuisikia kutoka kwa mwingine, na kisomo kilipofika aya ya 41 ya An-Nisaa alimwambia yatosha, na macho yake yalikuwa yakibubujika machozi. Na zikija siku ambazo mwanamke hasali wala hafungi, asijione ametengwa na mwezi. Juu ya kushika na kusoma msahafu siku hizo, amfuate mwanachuoni anayemwamini, maana maulamaa wana kauli zao. Kusikiliza kisomo na darsa, na kuliandika daftari lake la maneno, hakuna aliyemzuilia. Wanaume nao wapo wanaojua kukuna nazi. Wakikuna siku mbili tatu kwa wiki, mama atapata kurasa zake.

Kwa ambaye ulimi wake ni mzito, aliyeachia njiani kwenye Juzuu Amma au hakusoma chuoni kabisa, asione haya kuanza na alifu kwa kijiti. Bwana Mtume amesema anayesoma Qur'ani kwa kutatizika na kwa uzito ana ujira mara mbili. Tafuta ustadhi, hata kijana mdogo kwako, umsomee uso kwa uso dakika kumi kila siku. Kisomo cha kwenye simu kitakusomea, ila hakitakwambia kwamba ha yako imekuwa ile ya kukwaruza koo badala ya ile nyepesi. Abdallah bin Umar, kama ilivyo katika Muwatta ya Imam Malik, alikaa miaka minane akijifunza Al-Baqara. Hakuwa mjinga wala mgeni wa lugha. Na Abu Abdurrahman Sulami ameeleza kwamba waliowafundisha walikuwa wakichukua aya kumi, hawaziruki hadi wazijue na wazitende.

Simu, ukisomea humo, izime mtandao kwanza. Picha za futari za watu zitakuja katikati ya Suratu Yusuf na hutarudi.

Likiingia kumi la mwisho, punguza mengine na uongeze kukaa na sura yako. Anayeweza itikafu aende nayo msikitini ile sura yake na daftari lake. Asiyeweza, achague saa moja ya usiku, hasa nyusiku za witiri, azime taa zote isipokuwa ya kusomea, na asome kile ambacho sasa anakifahamu. Dua inayofuata aya uliyoifahamu ni tofauti na dua uliyoikariri, utajionea mwenyewe. Laylatul Qadri ni usiku ilioanza kushuka Qur'ani, na kumpokea mgeni ambaye huna habari aliyoileta ni unyonge mkubwa.

Na lile daftari usilitupe baada ya Idi. Sisi watu wa pwani miezi yetu tunaihesabu kwa mfunguo: mfunguo mosi, mfunguo pili, mfunguo tatu, hadi tunarudi Rajabu, Shaabani na Ramadhani. Sura moja kwa kila mfunguo, ukijaliwa, ni sura tisa kabla ya Rajabu kuingia, na msahafu hautapata muda wa kushika vumbi.

Ndugu yangu, Al-Asr ina aya tatu. Leo ukishasali alasiri, kabla hujainuka kwenye mswala, isome mara moja kama unavyoisoma siku zote. Kisha isome tena, na ukifika kwenye hasara, simama hapo kidogo.